Rezervwari ndogo kwa Boxer: inapendeza, lakini esansi utakuwa unanunulia wapi?

Swali: "Salamu mukubwa. Niko Goma, kule Ndosho, niko na pikipiki (moto) Boxer 150, natumika nayo taksi mjini na mara kwa mara nashukaka Minova na muteja ao na muzigo. Niliona Birere rezervwari (tanki ya esansi) moja kadogo, sura yake sawa tone la maji, ile ya moto za Marekani, muuzaji anasema ni lita 7. Inanipendeza sana, naona moto itageuka kabisa. Lakini wenzangu wa parkingi wananicheka, wanasema nitakuwa nasukuma moto kila siku. Niiweke ao niache?"

Mudogo yangu, salamu na weye. Nikupe jibu kabisa usisome yote na wasiwasi: wenzako wanakucheka kwa kitu ambayo haiko njo shida. Na lita 7 hutasukuma moto kila siku, mjini utazunguka na Minova utaenda urudi. Shida ya karezervwari kadogo huku kwetu ni ingine: moto njo itaanza kukuchagulia fasi ya kununua esansi, badala ya weye mwenyewe kuchagua, na kwa mutu wa taksi hiyo inaumiza kuliko kilometa. Mimi siku za kazi ningeacha ile ya Boxer yenyewe juu ya moto, na hii ya Birere ningeichukua tu kama inapita mitihani nitakuambia chini, ju zingine wanauza pale ni toli (bati) tu ya kuweka maua.

Tuanzie kwa hesabu. Watu wakisikia lita 7 wanaweka kando ya lita 11, ju Boxer 150 ya kawaida inabeba karibu lita hizo, wanaona lita nne zimeenda, wanashituka. Lakini lita peke yake haisemi kitu kama hujui moto yako inakunywa ngapi, na usiniletee ile namba ya karatasi ya muuzaji, ile wanapimaka na mutu mumoja, barabara safi, mwendo wa polepole. Weye uko unapiga mawe ya volkano, premieri na deziemu (gia ya kwanza na ya pili) asubuhi mpaka jioni, muteja nyuma, siku zingine wateja wawili na mufuko ya makala juu ya rezervwari. Pima yako mwenyewe. Simamisha moto wima kwa bekiye ya katikati, si ile ya kando, jaza mpaka shingoni, andika namba ya kontere (ile inahesabu kilometa), tumika siku mbili tatu vile unatumikaka bila kujifanya mutu wa adabu, kisha rudi kwa stasion ileile ujaze tena mpaka palepale. Lita zilizoingia uzigawanye na kilometa ulizofanya, upige mara 100. Kama kontere yako ilikufa zamani (najua Boxer za Goma, kontere njo kitu ya kwanza inakufaka) basi itengeneze mbele ya kufikiria rezervwari, ju mutu wa tanki ndogo bila kontere anaendesha kwa kubahatisha.

Tuseme umepata lita 3 kwa kilometa 100. Rezervwari ya lita 11, tuondoe kidogo yenye haishukaka kamwe, inabaki lita 10 na nusu, hiyo ni kilometa 350. Ile ya lita 7, tuondoe vilevile (na hapa tutaondoa zaidi, utaona sababu), ibaki lita 6 na kidogo, hiyo ni kama kilometa 200. Kama kwa siku unafanya kilometa 120, ile kubwa unajaza leo, kesho unatumika, kesho kutwa bado unatumika kama huogopi. Ile ndogo unajaza kila asubuhi, basi. Minova kwenda na kurudi ni kama kilometa 100, na muzigo na ile barabara weka lita 3 na nusu, maana yake utarudi Goma na lita mbili na zaidi ndani, lakini ni kama ulitoka umejaa, haiko kama ulitoka na nusu ju uliamka ukachelewa na muteja anakupigia simu. Sasa jaribu safari ya Bukavu kwa barabara, ile ya kuzunguka ziwa kupitia Sake, Minova na Kalehe, ni karibu kilometa 200. Kwa lita 3 na nusu inaomba lita 7 kamili. Na rezervwari ya Boxer unafika na lita tatu juu, na ile ingine hufiki, ni lazima usimame njiani ununue kile utakuta.

Kitu ingine kuhusu kunywa, ju watu wengi wanalaumu rezervwari na kumbe makosa iko kwa injini. Goma tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na ukipanda upande wa Masisi unapita 2,000. Hewa inapunguaka kama asilimia 10 kila metre 1,000, sasa karbirateri yenye ilitengenezewa fasi ya chini inatia esansi mingi kwa hewa kidogo, bujii (plagi) inakuwa nyeusi sawa makala na moto inakunywa bila kutoa nguvu. Tosha bujii uangalie rangi yake. Kama ni nyeusi kavu, safisha filtri ya hewa kwanza, ju mavumbi yetu ya volkano inaziba filtri haraka, kisha mupe fundi ashushe sindano ya karbirateri hatua moja. Angalia na sheni, na upepo wa mipira. Unaweza kurudisha nusu lita kwa kila kilometa 100 bila kununua kitu, na hapo karezervwari kako kanaanza kuwa na maana kidogo.

Sasa ile mambo ya "lita 7". Usimwamini muuzaji. Lita zenye zinaingia na lita zenye zinatoka haziko sawa. Rezervwari ya moto inakaaka juu ya bomba ya kadri (mifupa ya moto) sawa seli juu ya punda, kwa hiyo chini iko na mutaro katikati na mifuko miwili, mumoja kuume mumoja kushoto. Robine (ile ya kufungua na kufunga esansi) iko upande mumoja tu. Esansi ya upande ule mwingine inapita juu ya mutaro wakati bado ni mingi, lakini ikishuka chini ya ule mutaro inabaki kule, haifiki kwa robine mpaka weye ulaze moto upande. Rezervwari za kiwanda wanapiga hesabu ya hiyo, zingine wanatia kaduriti (kampira ka kupitisha esansi) ka kuunganisha pande mbili kwa chini. Hizi za kutengeneza, ao zenye zilitoka kwa moto ingine, nyingi hazina. Unaweza kupoteza lita nzima pale, na lita moja kwa saba si mchezo.

Kupima ni rahisi na muuzaji mwenye haki hatakataa: tia maji na chupa ya lita moja, hesabu mpaka ijae, hapo unajua kama ni saba kweli. Kisha iweke juu ya moto yako vile itakaa, si mezani, ufungue robine, upokee maji kwa bido mpaka iache kutoka yenyewe. Kile kimetoka njo rezervwari yako ya kweli. Nilishaona moja walisema lita 8 na ilitoa tano. (Baada ya maji ikaushe vizuri kabisa na upepo wa kompresa, na kwa jua, na mwisho usukutue na esansi kidogo utupe. Maji ikibaki ndani utakuja kunitukana.)

Rezerve pia. Ndani ya robine ya kawaida kuko tubo mbili, moja ndefu inasimama juu, moja fupi iko chini. Ukiwa kwa njia ya kawaida unakunywa na ile ndefu, ikikauka moto inakohoa, unageuza kwa rezerve, unakunywa na ile fupi. Kwa hiyo rezerve haiko kachumba kengine ndani, ni ule urefu tu kati ya tubo mbili. Sasa ukihamisha robine ya Boxer kwa rezervwari ya sura ingine, rezerve inageuka: kama chini ni pana unapata mingi, kama chini ni nyembamba sawa ile ya tone unapata kidogo sana, pengine ya kukufikisha kilometa 15 tu. Na kama ile ya Birere iko na robine yake ya bei ya chini yenye haina rezerve, ni wazi ao funga tu, basi hakuna kitu itakuambia kwamba inaisha. Siku ya kwanza tembea nayo mpaka ikohoe, usimame, ufungue duriti, utoshe ile ya rezerve yote kwa chupa, uone ni ngapi. Ufanyie hiyo karibu na nyumbani.

Basi tuje kwa ile nilikuambia mwanzoni, fasi ya kununua.

Mutu mwenye rezervwari ya lita 11 akiona foleni kwa stasion anaweza kusema nitarudi kesho. Akiwa Minova na kuona esansi ya bakadafi (wauzaji wa chupa za njiani) iko na rangi ya ajabu, anapita, anajua iko na ya kurudi. Weye na lita 6 huna hiyo nguvu. Utanunua kila siku, na siku yenye stasion zimefunga ao bei imeruka, weye njo wa kwanza kusimama mbele ya ile meza ya chupa. Sikatai, kuko bakadafi wenye heshima yao, kuko wenye tunanunua kwao miaka na hawajatuharibia moto, lakini njiani hujui mutu, na chupa ya njiani inaweza kuwa na maji, ao petroli ya taa, ao uchafu wa bido yenye ilikuwa inabeba mazuti. Maji ni nzito kuliko esansi, inashuka chini, na chini njo pale robine inanyonyea. Kwa rezervwari kubwa kijiko cha maji kinaweza kukaa chini ya ile tubo miezi bila kukusumbua, kwa ndogo na chini yake nyembamba, kijiko kilekile kinaingia kwa karbirateri leo.

Kama utaiweka, jifunze kuangalia kabla ya kutia. Chupa iwe ya kuonekana ndani, iache itulie kidogo, uinamishe: maji utaona mustari chini, inacheza sawa tone la zebaki. Petroli ya taa haionyeshi mustari, inachanganyika, lakini tia tone mbili kwa kiganja usugue: esansi safi inapotea haraka inaacha baridi na ngozi kavu, yenye iko na petroli ndani inaacha mafuta mafuta na harufu inabaki. Na utie filtri ya esansi kwa duriti, ile kadogo ya plastiki ya kuonekana, bei yake haiwezi kukushinda.

Naomba nitoke kidogo njiani, ju hii sura unapenda iko na historia na inasaidia kuelewa. Ile rezervwari ya tone ni ya Harley-Davidson, wenyewe wanaiita karanga. Ilianza 1948 kwa moto yao kadogo ya cc 125, na kwa moto ya cc 125 ilikuwa ni saizi yake kabisa. Kisha 1958 wakaitia juu ya Sportster, moto kubwa ya cc 883, ju ilikuwa inapendeza na ilikuwa nyepesi kwa wenye kupiga mbio, na watu wakaipenda mpaka leo. 2010 wakatoa moto yenye jina Forty-Eight, kwa kukumbuka ule mwaka wa 1948, injini ya cc 1200, rezervwari lita 7.9. Wenye nayo wanatafuta stasion kila kilometa 150 hivi na hawalii, kule stasion ni nyingi na esansi ya stasion moja ni sawa na ya ingine. Sasa angalia upande mwingine: 1983 Yamaha wakatoa XT600 Ténéré, cc nusu ya ile, rezervwari lita 30! Sura yake sawa mutu mwenye mimba, na watu wakaipenda vilevile, ju ilikuwa inafanana na moto za mbio za Paris-Dakar, za kuvuka jangwa. Barabara za Kivu, kwa esansi, ziko karibu na ya Ténéré kuliko ya Forty-Eight. Lakini weye uko na injini ya cc 150 yenye inakunywa kidogo, kwa hiyo uko katikati, njo maana sikukatalii moja kwa moja.

Kwa uzito usidanganyike. Mutu atakuambia moto itakuwa nyepesi. Lita moja ya esansi haifiki kilo moja, iko kama gramu 740, lita nne ni kilo tatu. Muteja wako mumoja mwenye kula vizuri anafuta hiyo yote.

Kuhusu kuifunga, hapo njo mafundi wengi wanaharibu. Mbele ya kulipa, beba vipimo ya moto yako: upana wa bomba ya kadri, fasi ya ile mipira miwili ya mbele, urefu mpaka kwa buloni ya nyuma karibu na seli. Mutaro wa rezervwari lazima upite juu ya bomba bila kugusa, na chini yake iko naya za moto zako zinapita pale na kabo, zikibanwa na toli zitasuguliwa kila siku kwa haya mawe yetu, na naya ya umeme yenye imechubuka chini ya esansi ni kitu sitaki kusikia. Rezervwari ikae juu ya mupira, kila fasi. Kama fundi anataka kuifunga chuma kwa chuma, bila kauchu, mukatalie, itapasuka kwa sudire (pale walichomelea) ndani ya miezi kidogo ju ya kutikisika. Na asikusudishie kitu juu ya bomba ya kadri ao akate ile mikono ya zamani, ju siku unataka kurudisha ya kiwanda haitaingia tena.

Geuza gidoni (usukani) mpaka mwisho kuume na kushoto. Kama inagonga rezervwari ao inakubana kidole, imekataa, usijaribu kusema utazoea, kwa ngalema ya Goma unageuza gidoni mpaka mwisho mara mia kwa siku.

Robine iwe fasi ya chini kabisa na nyuma. Watu hawafikiriaka hii. Boxer haina pompu ya esansi, inashuka yenyewe kwa uzito wake mpaka karbirateri. Ukipanda mulima esansi inarudi nyuma, vizuri, robine inapata. Ukishuka esansi inakimbilia mbele, kwa hiyo ukiwa na esansi kidogo na unashuka mulima murefu, robine inabaki juu ya kavu, moto inazima katikati ya kona. Kwa hiyo jaribu hiyo na nusu lita ndani, mwinue gurudumu la nyuma juu ya matofali kama vile moto inashuka, uone kama bado inatoka kwa duriti. Duriti nayo ishuke tu moja kwa moja, isipande kisha ishuke, isipite karibu na silindere kukauka na joto, na kolie (pete ya kubana) pande zote mbili.

Bushoni (kifuniko ya rezervwari) njo inanimalizaka. Rezervwari inapotoa esansi lazima hewa iingie fasi yake, na hewa inaingilia kwa katundu kadogo ndani ya bushoni. Bushoni za kutengeneza, zile za kungaa sana, mara mingi hazina ao zimezibwa na rangi. Unatoka vizuri, unafika kilometa tano sita, moto inalegea inazima. Unafungua bushoni kuangalia kama kuko esansi, unasikia fuuu, unafunga, moto inawaka, unaenda kilometa tano ingine. Watu wanabadilisha bujii, wanafungua karbirateri, wananunua mpaka CDI (kale ka umeme ka kuwashisha bujii) mupya, na kumbe ni tundu ya sindano. Mutihani wake: bushoni imefungwa kabisa, tosha duriti kwa karbirateri, fungua robine, esansi ianguke ndani ya chupa. Iwe inashuka sawa, mwanzo mpaka mwisho. Kama inaanza na nguvu kisha inakuwa tone tone, ni hewa. Lakini tundu isiwe kubwa pia, ju mvua ya hapa itaingilia palepale.

Na usijaze mpaka juu kabisa ile ndogo halafu uiache kwa jua la saa saba. Esansi inavimbaka kama asilimia moja kila digri kumi za joto, itatoka kwa bushoni ishuke juu ya injini. Ile kujaza mpaka shingoni nilisema ni ya kupima tu.

Kama iko na tundu ao inaomba kusudiwa (kuchomelewa) mikono mipya, hapa nitasema kwa ukali. Rezervwari "tupu" ya esansi ni hatari kuliko yenye imejaa. Esansi yenyewe ya maji maji haiwezi kupasuka ndani ya tanki, ni ile moshi yake isiyoonekana ikichanganyika na hewa, na kidogo tu inatosha, asilimia moja na nusu hivi ya moshi ndani ya hewa inashika moto. Kuikausha kwa jua siku moja haitoshi, inajificha ndani ya kutu na ndani ya kona za sudire na inatoka tena ikisikia joto. Musuderi aioshe na maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha aijaze maji mpaka karibu na pale atasudia, aache katundu wazi juu, tena robine na bushoni vitoke. Kama anasema yeye anafanyaka bila maji na hakuna kitu imemupata, beba rezervwari yako uende kwa mwingine.

Kutu ya ndani: angalia na tochi. Nyekundu ya unga inatoka, tia nati kidogo za zamani na siki, acha usiku, tikisa, mwaga, sukutua na maji yenye bikarbonati, kausha haraka, pakaa mafuta ya injini kidogo ndani mpaka siku ya kuitumia. Kutu ya vipande vipande yenye inaanguka sawa majani, acha hapohapo kwa muuzaji.

Sasa kwa upande wa kupendeza, ju najua haukuniuliza ili nikupe hesabu tu. Hakuna haya kupenda moto ipendeze, mjini Goma muteja anachagua kwa macho, wote tunajua. Lakini kile unapenda kwa zile foto nusu yake haiko rezervwari, ni ule mustari wa chini ya rezervwari na seli, umenyooka toka mbele mpaka nyuma. Boxer iko na seli yenye inapanda na plastiki za kando zenye zinakata ule mustari. Ukitosha zile plastiki, ukamupa mushonaji wa seli apunguze sponji ya mbele na kunyoosha (asiguse ya muteja!), ukapiga rezervwari ya kiwanda rangi moja, nyeusi ao kijani ya jeshi la zamani, bila zile kolaa (stika) za ukoo wote wa Boxer, moto inageuka kiasi cha watu kukuuliza ni ya aina gani. Na lita 11 zako ziko ndani. Kazi ya rangi ni rahisi kuliko rezervwari, robine, bushoni, duriti na musuderi.

Na kama moyo bado uko Birere, basi fanya ya mbili: nunua ile ndogo, itengenezee mikono yenye inaingia kwa mipira ileile na buloni ileile ya Boxer, duriti ya saizi ileile. Siku ya yenga unafunga robine, unatosha duriti, buloni moja, unainua moja unaweka ingine. Ile yenye inabaki nyumbani iwe imejaa ao imekauka na kupakwa mafuta, isikae nusu nusu ju hapo njo kutu inazaliwaka, na isilale chumba yenye kuko mbabula ao mutoto. Juma tatu asubuhi unarudisha kubwa unaenda kazi.

Kitu moja usifanye ni ile ya kuweka karezervwari kadogo kisha kufunga bido ya lita tano nyuma kwa kauchu "ju ya safari". Umelipa franga kupunguza lita nne, kisha unabeba tano za plastiki karibu na eshapema na muguu wa muteja. Kama kweli kuko siku lazima ubebe, iwe bido ya chuma, upande usio wa eshapema, na uwe peke yako.

Mbele hujatoa pesa, nipigie foto ya ile rezervwari kwa chini, si juu, juu zote ni nzuri. Nataka kuona mutaro, tundu ya robine iko upande gani, na kama kuko ile njia ya kuunganisha pande mbili. Na unitumie lita zako kwa kilometa 100 ukishapima.